Klabu ya Kulipwa na Kijana wa Shule

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Geita



Nimeombwa nizungumzie michezo, hususan swali ambalo vijana wa Geita wamekuwa wakiuliza tangu mkoa wetu ulipopata timu ya Ligi Kuu mwaka 2021. Swali lenyewe ni hili: klabu ya kulipwa humchaguaje kijana aliye shuleni au chuoni? Na kijana huyo akishachaguliwa, yeye na shule yake wanabaki na nini?

Nitaanza mbali kidogo, Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limepangwa kwa kanuni zinazojulikana na watu wote. Kisha nitarudi hapa kwetu, ambako kanuni zipo pia lakini wengi hatuzijui, na kutozijua huko kunatugharimu.

Marekani, utaratibu wa klabu kuchagua wachezaji wa vyuo huitwa drafti. Msiuchanganye na drafti ile tunayocheza kwa vizibo vya soda chini ya mwembe, ingawa nayo ina kula na kuliwa. Ulianza mwaka 1936 katika mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa na watu waliovaa kofia ngumu. Mpira wa kikapu ukafuata. Ligi yao ya kandanda, MLS, ilipoanza mwaka 1996 iliurithi utaratibu huo, na tangu mwaka 2000 uchaguzi huo huitwa SuperDraft.

Kazi yake ni hivi. Msimu ukiisha, klabu zote hupangwa foleni. Iliyofanya vibaya hutangulia, na bingwa husimama mwisho. Klabu mpya inayoingia katika ligi kwa mara ya kwanza huwekwa mbele ya wote. Kila klabu ikifikiwa na zamu hutaja jina la mchezaji mmoja wa chuo. Akishatajwa, haki ya kumsajili katika ligi ile ni ya klabu hiyo, na nyingine haziruhusiwi kumgusa mpaka zielewane nayo. Foleni ikiisha huanza upya. Miaka ya karibuni imekuwa ikizungushwa mara 3.

Wenzangu wa rika langu watauelewa upesi nikisema kwamba unafanana na uchaguzi wa kidato cha tano. Ulifaulu, ulijaza fomu, lakini mwenye kupanga ni mwingine. Siku moja jina linatoka, unaambiwa umepangiwa Tabora au Ilboru, na wewe unafunga sanduku lako.

Kwa nini wafanye hivyo? Lengo ni kuzuia wenye nguvu wasijilimbikizie vijana wote bora. Hebu tufikirie ligi yetu. Tangu mwaka 2001 hadi 2025, ubingwa wa Tanzania Bara umetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, Azam walipouchukua msimu wa 2013/14. Kama tungekuwa na foleni ile, klabu iliyoponea chupuchupu kushuka daraja ingekuwa na haki ya kumtaja kijana bora wa nchi kabla ya wakubwa hao wawili. Nadhani wapo waliokaa hapa ambao wangelipenda jambo hilo.

Lakini foleni hiyo haiwezi kusimama peke yake. Inategemea mambo mawili ambayo sisi hatuna. La kwanza, katika MLS mkataba wa mchezaji hufungwa na ligi yenyewe, si na klabu. Kwa hiyo ligi inaweza kumwambia kijana aende Colorado naye akaenda. La pili, vyuo vikuu vya Marekani vina timu zenye makocha, viwanja, madaktari na mashindano ya kila mwaka, na mchezaji mzuri husomeshwa bure ili aichezee timu ya chuo. Klabu haina haja ya kuzunguka nchi nzima ikitafuta. Vijana wamekwisha kukusanywa mahali panapojulikana.

Hata vijana wa Afrika Mashariki wamepita katika mlango huo. Philip Mayaka, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kusoma sekondari Florida, akaingia Chuo Kikuu cha Clemson, na mwaka 2021 Colorado Rapids wakamtaja akiwa wa 3 katika foleni nzima. Alitoka chuoni kabla ya kumaliza masomo kwa mpango maalumu unaoitwa Generation Adidas, ambao humpa kijana mkataba na ligi pamoja na fedha za kumalizia masomo baadaye. Liwekeni akilini jambo hilo la fedha za masomo, maana nitalirudia.

Mtanzania aliyefika mbele zaidi katika foleni hizo hakuwa mcheza kandanda. Ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana wa mita 2 na zaidi, aliyesoma Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akatajwa wa 2 katika uchaguzi wa NBA na Memphis Grizzlies. Nchi nzima ilifurahi. Lakini kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, mwaka 2010, alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini ili akapate mazoezi. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Alicheza NBA kwa miaka kadhaa, na wangapi wetu tumefika huko? Nasema ili vijana mjue kuwa kutajwa mapema ni kufunguliwa mlango tu. Katika kandanda la Marekani wapo hata wanaotajwa halafu hawapewi mkataba wowote, kwa sababu walioshindwa majaribio ya kambi hurudi nyumbani.

Tena utaratibu wenyewe unapungua nguvu. Tangu mwaka 2008 MLS inaziruhusu klabu kumsajili moja kwa moja kijana zilizemlea zenyewe katika shule zao za soka, bila kumpitisha kwenye foleni. Tangu hapo klabu zimewekeza kwa watoto, na wengi wa walio bora hawafiki tena katika foleni ya vyuo. Sababu ni ya kimchezo: anayemaliza chuo ana miaka 22 hivi, na katika umri huo kijana wa Ulaya ana misimu 4 au 5 ya ligi mgongoni. Nako upande wa wanawake, ligi yao kuu, NWSL, ilifuta kabisa drafti mwaka 2024 katika makubaliano na chama cha wachezaji. Wachezaji walisema mfanyakazi ana haki ya kuchagua mahali pa kufanyia kazi. Hilo nalo lina ukweli wake.

Ndugu zangu, sasa turudi nyumbani.

Wazee hapa mnakumbuka jinsi ilivyokuwa katika miaka ya 1970 na 1980. Timu nyingi zilikuwa za mashirika ya umma na majeshi: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari, Polisi, na nyinginezo. Kijana aliyemaliza shule akionekana ana mguu mzuri aliitwa akapewa ajira. Mshahara wake ulikuwa wa karani, fundi au askari, na kandanda alicheza jioni. Mpira ulipokwisha miguuni, kazi ilibaki. Pamba waliochukua ubingwa wa nchi mwaka 1990 walikulia katika utaratibu huo. Ulikuwa na kasoro zake nyingi, lakini haukumwacha kijana akiwa mtupu.

Wala elimu haikuwa adui wa mpira. Timu yetu ya Taifa iliyokwenda Lagos mwaka 1980, baada ya bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, iliongozwa na Leodegar Tenga, mlinzi wa Pan African na msomi wa uhandisi. Baadaye alikuja kuwa Rais wa TFF kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Kwa hiyo anayewaambia kuwa lazima uchague kitabu au mpira, mkumbusheni nahodha huyo.

Mashirika yalipobinafsishwa au kufa, timu zake nyingi zilikufa au kudhoofika, na daraja lile la ajira likavunjika. Tulibaki na michezo ya shule, UMISSETA, kuwa mahali pa kukutanishia vijana. Hapo ndipo Shule ya Sekondari ya Makongo, chini ya Kanali Idd Kipingu, ilipojenga jina lake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo mashuleni yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, na kizazi kizima kikapita kidato cha kwanza hadi cha nne bila kuonekana na mtu. Yaliporudishwa, klabu zilikuwa zimekwisha kuzoea kutafuta wachezaji kwingine: katika mashindano ya ndondo mitaani, katika ligi za mikoa, na nje ya mipaka.

Hata hivyo zipo shule ambazo hazikungoja kuonwa. Ng'ambo ya ghuba, Mwanza, shule za Alliance ziliunda klabu yao wenyewe, ikapanda hadi Ligi Kuu mwaka 2018 na kudumu huko misimu 2. Dodoma, wasichana wa Fountain Gate walikwenda Durban mwaka 2023 wakatwaa ubingwa wa kwanza wa Afrika wa shule, mashindano ya CAF, na shule yao ikazawadiwa dola 300,000. Kelvin John, aliyecheza fainali za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Dar es Salaam mwaka 2019, alipelekwa Brooke House College huko Uingereza, shule yenye madarasa na uwanja kwa pamoja. Genk ya Ubelgiji ikamsajili mwaka 2021 alipofikisha miaka 18. Klabu ile ilisubiri, kwa sababu kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya umri huo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Na alipokuwa akisubiriwa, alikuwa darasani.

Sasa nieleze jinsi klabu zetu wenyewe zinavyochagua. Sisi hatuna foleni wala siku ya kutaja majina. Tuna dirisha la usajili, na anayewahi ndiye anayepata. Msaka vipaji huja kwenye mashindano, mara nyingi bila kujitambulisha. Vijana hudhani anahesabu chenga na mabao. Aghalabu anatazama mambo mengine. Anatazama kama kijana ameinua kichwa kabla mpira haujamfikia. Anatazama anafanya nini katika zile sekunde 5 baada ya kunyang'anywa mpira: anarudi kukaba, au anasimama ameshika kiuno akimlaumu mwenzake? Anatazama mguu wake dhaifu. Anauliza kwa mwalimu wa michezo kama ana nidhamu na kama ana jeraha la zamani. Halafu anauliza umri.

Kuhusu umri napenda niseme bila kuficha. Mwaka 2005 Tanzania ilinyang'anywa nafasi yake katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa kosa la umri. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika mashindano ya umri huo, na mfupa hausemi uongo. Kijana anayepunguza miaka 3 ili aonekane kipaji cha ajabu amejifunga kamba. Kumbukumbu ya shule inasema mwaka mmoja, cheti cha kuzaliwa kinasema mwingine, hati ya kusafiria inasema wa tatu, na siku atakapopata klabu ya nje, karatasi hizo zitawekwa juu ya meza moja.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye kiini cha nilichokuja kusema.

Katika mkoa wetu, mvulana wa kidato cha tatu ana vishawishi viwili vikubwa vya kuacha shule: duara na mpira. Cha duara tunakijua. Tumewaona wenzetu walioacha daftari wakaenda kwenye machimbo ya Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa, mmoja akarudi na pikipiki, na wengi wakarudi na vumbi. Wazazi na walimu wamekwisha kujifunza kukiogopa. Lakini kishawishi cha mpira bado tunakipigia makofi. Mtu akija na gari, akasema anatoka klabu kubwa, akaahidi posho na viatu, sisi wenyewe tunamfungia kijana mzigo. Hatuulizi karatasi. Hatuulizi atafanya wapi mtihani wa kidato cha nne.

Na klabu zenyewe hazina uhakika wa kesho. Tazameni ukanda wetu huu. Stand United ya Shinyanga ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2019. Mwadui ya kwenye almasi ikashuka mwaka 2021, pamoja na Gwambina ya Misungwi. Geita Gold yetu ilianza kwa kishindo: msimu wake wa kwanza, 2021/22, ilimaliza ya 4, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika, na George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mwaka 2024 ikashuka. Sizilaumu klabu hizo. Mpira ndio ulivyo, wapo wa kupanda na wapo wa kushuka. Ila timu ikishuka, wa kwanza kuachwa ni chipukizi ambaye hajapata namba. Mpole aliyekwisha kujijengea jina alipata klabu ya Kongo. Je, kijana aliyeacha shule kidato cha tatu akakaa benchi msimu mmoja, atakwenda wapi?

Kwa hiyo yapo mambo ambayo kijana na mzazi wake lazima wayajue.

La kwanza: kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mtu aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba peke yake. Karatasi aliyotiwa sahihi mwanafunzi nyuma ya gari, mzazi hayupo, si ya kujivunia.

La pili: kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 asifungwe mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Ukiletewa wa miaka 5, anayekuletea ama hajui kanuni au anajua kuwa wewe huzijui.

La tatu: wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, naye hapaswi kumfuata mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Anayedai fedha ili akupeleke kwenye majaribio Ulaya si wakala. Huyo ni mpiga ramli.

La nne, na hili ndilo linaloihusu shule: mchezaji anapouzwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ile hukatwa na kugawanywa kwa klabu zote zilizomlea tangu alipokuwa na miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia ya ada. Kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23 una nusu asilimia.

Sisi watu wa Geita hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Huo ni mrabaha. Dhahabu ikitoka, Serikali hukata mrabaha wake na halmashauri hupata ushuru wa huduma, kwa kuwa mali ilitoka katika ardhi hii. FIFA imekubali kuwa mchezaji naye alitoka mahali.

Tufanye hesabu. Kijana anaingia kidato cha kwanza akiwa na miaka 14 na kumaliza cha nne akiwa na miaka 17. Miaka 2 ya kwanza ina nusu asilimia kwa pamoja. Miaka 2 ya mwisho ina asilimia 1. Jumla ni asilimia 1 na nusu. Akija kuuzwa kwa ada ya shilingi bilioni 1, waliomlea kwa miaka hiyo 4 wana haki ya shilingi milioni 15. Akiuzwa tena, wanapata tena. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa mwaka 2020, kwa mujibu wa kanuni kila klabu iliyokuwa imemsajili katika miaka ile ya malezi ilikuwa na sehemu yake. Na tangu mwaka 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kukokotoa na kupitisha malipo hayo, inayosoma historia ya mchezaji kutoka katika rejista za vyama vya mpira.

Hapo ndipo penye shimo letu. FIFA humlipa aliyeandikwa. Inazitambua klabu zilizosajiliwa na chama cha mpira, zenye jina la mchezaji katika rejista ya kila msimu. Shule kama shule haimo. Mwalimu wetu anaweza kumfundisha kijana kwa miaka 4, akamnunulia viatu kwa fedha zake, akamsafirisha kwenda UMISSETA, na siku kijana anapouzwa, rejista ikaonyesha kuwa maisha yake yalianza akiwa na miaka 18. Ni sawa na mtu aliyechimba kwa miaka bila leseni. Akipata mshipa, mwenye leseni ndiye anayekuja kuuchukua, na sheria iko upande wake.

Basi ninauletea Umoja wetu mapendekezo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, tuisajili timu ya shule kuwa klabu ya vijana katika chama cha mpira cha wilaya, ili kila mwanafunzi anayecheza aandikwe katika rejista kwa jina lake kamili na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Wapo miongoni mwetu wanasheria na wahasibu. Kazi ya kuandika katiba ya klabu haiwezi kuwashinda.

Pili, shule iwe na daftari la wachezaji: nani alicheza msimu gani, nafasi gani, aliumia lini, na alisoma darasa gani. Msaka vipaji akija akute kumbukumbu, asikute masimulizi. Hata kijana ambaye hatachaguliwa kamwe atakuwa amejifunza kuwa kazi yake ina hesabu.

Tatu, tuwe na kanuni moja isiyovunjwa. Mwanafunzi asiondoke kwenda klabu yoyote mpaka wakae mezani watu wanne: mzazi, Mwalimu Mkuu, mjumbe wa klabu na mjumbe wa Umoja huu. Na katika karatasi watakayotia sahihi liwepo sharti kwamba klabu italipia masomo yake mpaka amalize kidato cha nne, awe anacheza au ameumia. Nilisema mapema kuwa Wamarekani humtengea fedha za masomo yule anayemkatishia chuo. Wenye ligi tajiri wameona haja ya kufanya hivyo. Sisi tunaona haya ya nini kuidai ada ya kidato cha nne?

Itasemwa kwamba klabu zitatukimbia zikaenda kwenye shule zisizo na masharti. Huenda moja au mbili zikafanya hivyo. Lakini klabu inayokimbia ada ya shule ya mwaka mmoja ingemlipa kijana mshahara kwa fedha gani? Sharti hilo litatusaidia kumjua mnunuzi wa kweli, kama vile mfanyabiashara wa dhahabu anavyojulikana kwa mizani anayokubali kupimiwa.

Vijana, kwenu nina neno moja tu. Hapa kwetu hakuna foleni ya kukungoja, wala ligi ya kukupangia. Mtu atakuja ghafula, katika mechi ambayo hukuitegemea, na atakuona jinsi ulivyo siku hiyo. Zoezeni mguu wa kushoto. Rudini kukaba. Semeni umri wenu wa kweli. Na akiwauliza kama mko tayari kuondoka kesho, mjibuni kwa heshima kwamba mazungumzo hayo hufanyika ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na mzazi akiwepo.